Tahariri: Kompyuta ya zamani si chuma cha kuuza kwa kilo

Miezi michache iliyopita, prefe wa shule moja ya sekondari hapa Goma alikuwa amekwisha kusikilizana bei na vijana wanaozunguka mitaani wakinunua vyuma vya zamani. Kompyuta tatu, ekrani mbili na mashine moja ya kuchapa vilikuwa vimepangwa mbele ya ofisi, vinangojea mizani. Wakati huo huo mama mmoja aliingia. Alikuwa anatafuta pointi za kijana wake aliyemaliza shuleni hapo kunako 2009, sababu makaratasi yote ya nyumbani yalipotea wakati familia ilipokimbia vita.

«Mama, ile kompyuta yenye pointi za miaka ile ilikufa,» prefe alimjibu.

«Sasa Papa Prefe, na masomo ya mtoto wangu nayo yamekufa?» mama aliuliza.

Hakuna aliyejibu. Mwishowe ni mmoja wa wale wanunuzi wa vyuma aliyesema kwamba anajua fundi mmoja karibu na soko. Kompyuta ilibebwa juu ya pikipiki. Fundi aliifungua, akakuta kondensateri nne zimevimba kichwani na betri ndogo ya saa imeisha. Diski ngumu, ile inayoweka maandishi yote, haikuwa na ugonjwa wowote. Kazi ilichukua siku moja na nusu na iligharimu dola 15. Pointi za wanafunzi wa miaka kumi zilitoka humo, na mama alirudi nyumbani na karatasi yenye muhuri.

Tunaandika leo juu ya kompyuta zile zingine ambazo hazikupata bahati hiyo. Kila wiki, katika miji yetu, ofisi, shule, vituo vya afya na parokia zinatupa ao zinauza kwa kilo mashine ambazo hazijafa. Na pamoja na mashine, zinatupa kumbukumbu za watu. Sisi tunasema: tabia hii inapaswa kukoma, na mafundi wetu wa kompyuta wanapaswa kupewa heshima na nafasi wanayostahili.

Kukataa kuwaka si kufa

Watu wengi wanaifikiria kompyuta kama kitu kimoja: ikikataa kuwaka, yote imekwisha. Lakini kompyuta ni vyombo vingi vilivyoungana. Kuna sanduku la umeme, kuna ule ubao mkubwa ambao mafundi wanauita karti mama, kuna memori, kuna diski. Mara nyingi kinachougua ni kimoja tu, tena kile cha bei ndogo kuliko vyote.

Tuchukue mfano wa kompyuta ambayo imepita miaka 40. Tarehe 12 Agosti 1981, kampuni ya Marekani IBM ilitangaza kompyuta yake binafsi, namba 5150, ambayo ni babu wa kompyuta nyingi tunazotumia leo. Mpaka sasa, huko Ulaya na Marekani, kuna watu wanaozifufua mashine hizo na kuziwasha. Ugonjwa wao mmoja unajulikana sana. Kondensateri ndogo za tantali zilizo kwenye njia ya volti 12 huzeeka, kisha zinaacha umeme upite moja kwa moja kwenda chini. Sanduku la umeme linahisi hatari na linajifunga lenyewe. Ukibonyeza kitufe, kimya. Mtu asiyejua atasema imekufa. Fundi anapima kwa multimetri, anatafuta kondensateri iliyoharibika, ambayo haizidi punje ya mahindi, anaiondoa na kuweka nyingine. Mashine ya 1981 inaamka.

Kompyuta Commodore 64, iliyotoka kunako 1982, inafundisha jambo lingine. Kisanduku chake cha umeme kikizeeka, kinaweza kutoa zaidi ya zile volti 5 zinazohitajika, na memori zinaungua. Kwa hiyo fundi mwenye uzoefu hachomeki kamwe kisanduku cha zamani ndani ya mashine kabla ya kukipima peke yake. Kisanduku kibovu kinaua mashine nzima, na watu wanalaumu mashine.

Na zile zilizo katika ofisi zetu? Nyingi zilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kipindi hicho, tangu karibu 1999 mpaka 2007, viwanda vingi duniani viliweka katika karti mama kondensateri zenye maji mabaya ndani. Baada ya miaka michache zilivimba, zingine zikapasuka na kutoa uchafu wa rangi ya kahawia. Kasoro hiyo iligusa kompyuta za kampuni nyingi kubwa. Wale walioleta mashine hizo kwetu, mpya ao za mitumba, walituletea pia ugonjwa huo. Ndio uliolala ndani ya kompyuta ya shule ile, na ndio uliolala ndani ya mamia ya zingine ambazo zimefunikwa na mavumbi nyuma ya kabati.

Namna fundi mzuri anavyofanya

Tunataka wasomaji wetu wajue kazi hii inavyokwenda, sababu anayejua hawezi kudanganywa.

Fundi mzuri haanzi kwa kuchomeka waya ukutani. Anaanza kwa macho na pua. Anafungua, anatoa mavumbi, anatafuta kilichovimba, kilichoungua, kilichovuja. Kwenye mashine za mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990, anatafuta betri ya nikeli na kadimi iliyounganishwa kwenye karti mama. Betri ile huvuja maji makali yanayokula njia nyembamba za shaba. Mafundi wanazima ukali wake kwa siki kidogo, kisha wanasafisha kwa alkoholi na kuacha ikauke kabisa.

Pili, anaangalia kitufe chekundu nyuma ya sanduku la umeme. Mashine nyingi za zamani zilizotoka Marekani zimewekwa kwenye volti 115. Umeme wetu ni volti 220. Ukichomeka bila kugeuza kitufe hicho, utasikia mlio kama wa bunduki na moshi utatoka. Ni kompyuta ngapi za msaada zimeuawa namna hiyo siku ya kwanza tu ya kuwashwa, mbele ya waliokuja kupiga picha?

Tatu, anapima umeme unaotoka katika sanduku: volti 5 ni 5, volti 12 ni 12. Nne, anaondoa vyote visivyo vya lazima, anabakiza karti mama, processa, memori moja na njia ya picha, kisha anawasha. Ikiwaka, anarudisha kimoja kimoja mpaka ajue mgonjwa ni nani. Kama mashine inapiga milio, anaihesabu, sababu milio hiyo ni lugha: kwenye kompyuta nyingi za zamani, mlio mmoja mrefu na miwili mifupi inaonyesha shida ya upande wa picha. Mara nyingi dawa ni kutoa memori ao karti ya picha, kusugua meno yake polepole kwa gomu ya kufutia ya wanafunzi, na kuirudisha vizuri.

Tano, na hii ndiyo muhimu kuliko zote: diski ikiwa bado inazunguka, kazi ya kwanza ni kunakili kila kitu kilichomo. Windows itafuata, usafi wa programu utafuata. Diski ya zamani inaweza kuwaka leo na isiwake tena kesho. Fundi anayeanza kwa kufuta diski ili aweke Windows mpya, bila kuuliza mwenye mali, si fundi. Ni mharibifu mwenye bisibisi.

Na kuna kitu ambacho asiyefundishwa asikiguse: ndani ya ekrani kubwa za kioo za zamani, zile nzito zenye mgongo mrefu. Volti zaidi ya 20 000 zinafanya kazi humo, na sehemu yake inaweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya. Hizo zimekwisha kupiga watu wengi.

Dunia ilijifunza kwa hasara

Wapo watakaosema kwamba mambo ya zamani ni ya zamani. Wasikilize kilichotokea kwa wenye mali kuliko sisi.

Nchini Uingereza, kunako 1986, shirika la utangazaji BBC lilifanya kazi kubwa iliyoitwa Domesday. Maelfu ya shule ziliandika maisha ya vijiji na mitaa yao, na yote yakawekwa kwenye diski za laza zilizosomwa na kompyuta maalumu. Ilikuwa ni kukumbuka miaka 900 ya kitabu cha hesabu ya mali ambacho mfalme William aliandikisha kunako 1086. Baada ya miaka 16 tu, mashine za kusoma diski zile zilikuwa karibu zote zimekwisha, na ilibidi watafiti wafanye kazi ngumu ili kuokoa yaliyomo. Kitabu cha ngozi cha mwaka 1086 bado kinasomeka. Kazi ya kompyuta ya 1986 ilikuwa karibu kupotea.

Marekani pia. Kunako 1966 na 1967, NASA ilituma vyombo vitano kupiga picha za mwezi kutoka karibu, ili kutafuta mahali pa kutua. Picha ziliwekwa kwenye kanda kubwa za sumaku. Miaka 40 baadaye, mashine za kusoma kanda hizo hazikuwa zikitengenezwa tena. Mama mmoja mfanyakazi wa NASA, Nancy Evans, alikuwa amekataa kuona kanda zikitupwa, na alizihifadhi mashine chache nyumbani kwake. Kikundi kidogo cha wataalamu kilizifufua mashine hizo huko California, ndani ya jengo lililokuwa zamani mkahawa wa McDonald's, na kunako 2008 picha ya kwanza ilitoka, safi kuliko ile iliyoonyeshwa miaka ya sitini. Kama mama yule angeuza mashine kwa kilo, kanda zile zingebaki mikanda tu.

Sisi tuna sababu kubwa kuliko wao. Januari 2002, lava ya Nyiragongo iliingia katikati ya mji wa Goma na kufika mpaka ziwani, na makaratasi mengi ya ofisi na ya nyumba yaliungua. Mei 2021 mlima ulitapika tena. Katikati ya tarehe hizo na baada yake, vita vimehamisha watu, vimefunga ofisi na kupora makabati. Katika nchi ya namna hii, faili moja ndani ya kompyuta ya zamani inaweza kuwa ndiyo shahidi wa mwisho kwamba mtu alizaliwa mahali fulani, alisoma, alibatizwa, alinunua kiwanja, alilipia hospitali. Mji uliopoteza kumbukumbu zake kwa moto wa mlima haupaswi kupoteza zilizobaki kwa mikono yake wenyewe.

Udongo wetu unarudi kwetu kama takataka

Kuna uchungu mwingine ambao hatuwezi kuunyamazia. Tantali iliyo ndani ya kondensateri hutoka katika coltan, ile inayochimbwa Rubaya, katika Masisi. Bati la kulehemu hutoka katika kasiterite, ile ya Bisie, katika Walikale. Waya ni za shaba, na shaba ndiyo Katanga. Kobalti ya Kolwezi inaingia katika betri za laptopu na simu. Dhahabu inapakwa kwenye meno ya memori. Vijana wetu wanakufa ndani ya mashimo wakitoa madini haya. Yanaondoka kwa bei ya chini, yanazunguka dunia, kisha sehemu yake inaturudilia katika makontena ya vitu vilivyochoka, na tunavinunua.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa kunako 2024 ilionyesha kwamba mwaka 2022 peke yake dunia ilitoa tani milioni 62 za takataka za umeme, na kwamba ni asilimia 22,3 tu zilizojulikana kukusanywa na kuchakatwa vizuri. Zilizobaki zinakwenda wapi? Sehemu moja tunaiona wenyewe: vijana wanachoma waya kando ya barabara ili wapate shaba, moshi mweusi unaingia katika nyumba. Wanavunja ekrani kwa nyundo, na kioo cha ekrani za zamani kina risasi ndani. Mvua ikinyesha, yote yanateremka.

Tangu tarehe 1 Januari 2025, mapatano ya Basel, ambayo Congo ni mwanachama wake, yanadai kwamba takataka zote za umeme zisivuke mpaka bila ruhusa ya nchi inayozipokea. Sheria ipo. Lakini sheria haisomi yenyewe makontena. Ni watu wa douane na wa mazingira wanaopaswa kuuliza swali moja rahisi: hii mashine inaweza kutengenezwa, ao mnatutupia? Yule anayeleta kompyuta 200 za mitumba aonyeshe kwamba zimepimwa na kwamba zinawaka.

Tusidanganyane

Hatusemi kwamba kila kompyuta ya zamani inapaswa kurudi kazini. Kompyuta ya mezani ya miaka 20 yenye ekrani ya kioo inakula umeme mara kadhaa kuliko laptopu ya leo, na kwa anayetegemea grupu ao mtambo wa jua hiyo ni hasara. Kuna usalama pia. Kampuni ya Microsoft iliacha kulinda Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine yenye programu isiyolindwa haifai kushikwa kwenye intaneti na kuwekewa mambo ya benki ao ya wagonjwa.

Lakini tarehe hiyo ya Oktoba 2025 inafundisha jambo. Kompyuta nyingi zilizokuwa nzuri siku moja kabla ziliitwa za zamani siku iliyofuata, bila hata kondensateri moja kuvimba. Mashine ya namna hiyo, ikiwekewa Linux na diski ya SSD, inaweza kuandika barua, kufundisha watoto na kutunza hesabu za duka kwa miaka mingine. Na ile ambayo kweli imechoka, iwashwe kwa mara ya mwisho bila intaneti, itoe siri zake, kisha vyombo vyake vizima viokoe mashine zingine. Kutupa kuje mwishoni, si mwanzoni.

Tunachoomba

Kwa wakuu wa shule, hospitali, parokia na ofisi za serikali: msiruhusu mashine yoyote itoke mlangoni kabla diski yake haijatolewa na kunakiliwa mara mbili, nakala moja ikae mahali pengine. Diski inayouzwa na majina ya wagonjwa ao ya wanafunzi ndani yake ni siri za watu zinazouzwa sokoni.

Kwa wale wanaosimamia shule za ufundi: kusanyeni kompyuta hizi na mziweke mbele ya wanafunzi. Vyombo vya mashine za zamani ni vikubwa, vinaonekana kwa macho, vinashikika kwa vidole. Bati la kulehemu lenye risasi 37 kwa mia linayeyuka kwenye nyuzijoto 183, na kijana anaweza kujifunza kulehemu nalo bila mashine za bei kali, mradi dirisha liwe wazi na anawe mikono kabla ya kula. Anayejua kumtibu babu hatashindwa na mjukuu. Tuna vijana wengi wenye diploma ya informatiki ambao hawajawahi kufungua hata kompyuta moja. Hilo ni kosa letu, si lao.

Kwa wenye kutawala umeme na kodi: fundi anayelipa kodi tano tofauti kwa meza moja ya mbao barabarani atafunga, na kazi yake itakufa naye. Mmulike ni kiasi gani anachoiokolea nchi kabla ya kumwomba franka ya sita.

Kwa mafundi wenyewe: mwonyesheni mteja chombo kilichoharibika mlichotoa. Mwambieni bei kabla ya kuanza. Msifute diski bila ruhusa, msichungulie picha na barua za watu. Heshima ya kazi yenu iko katika mikono yenu kwanza.

Kwa kila msomaji mwenye kompyuta iliyonyamaza chini ya kitanda: kabla ya kumwita mnunuzi wa vyuma, mwite fundi. Pengine ni betri ya volti 3 tu inayouzwa kwa bei ya mikate miwili.

Prefe wa shule ile hakuuza tena. Zile kompyuta zingine mbili nazo zilipelekwa kwa fundi. Moja ilikuwa imekwisha kabisa, na memori yake ilihamishwa ndani ya ile nyingine, ambayo sasa inafanya kazi katika ofisi ya sekretarieti. Na kila wiki, mzazi mmoja ao wawili wanapita pale kuuliza kama pointi za mtoto wao zilipatikana.